Fumbo la hesabu hukwamia kwenye kusoma

Mpe mwanafunzi wa sekondari milinganyo hii miwili:

x + y = 35
2x + 4y = 94

Baada ya dakika chache atakuletea x = 23 na y = 12. Sasa mpe maneno haya: kuku na sungura wamefungiwa pamoja, ukihesabu vichwa ni 35, ukihesabu miguu ni 94, kuku ni wangapi na sungura ni wangapi? Mwanafunzi yuleyule, mwenye kalamu ileile, anaanza kubahatisha. Wakati mwingine anajumlisha 35 na 94 kwa sababu tu ndizo namba anazoziona.

Fumbo hilo la kuku na sungura ni la kale mno. Limo katika Sunzi Suanjing, kitabu cha hisabati cha China ya kale, na namba zake ni hizohizo 35 na 94. Limedumu muda wote huo kwa sababu linagusa mahali penye ugumu wenyewe. Kukokotoa milinganyo sanjari, yaani inayotatuliwa pamoja, kunafundishika kwa kipindi kimoja au viwili. Kazi inayomshinda mtu ni ile inayotangulia: kuyageuza maneno kuwa milinganyo. Na kazi hiyo ina mambo mawili ambayo naamini yangesisitizwa zaidi, maswali ya mafumbo yasingeogopwa kiasi hiki. La kwanza, herufi inasimama badala ya namba, haisimami badala ya kitu. La pili, kila mlinganyo ni sentensi inayosema kwamba vitu viwili vya aina moja viko sawa.

Tuanze na hilo la herufi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti John Clement wa Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio fupi sana. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, watu waliokwisha kufaulu aljebra, waliombwa waandike mlinganyo wa sentensi moja: katika chuo kikuu hiki, wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi wa waliokosea waliandika kitu kilekile: 6S = P, ambapo S ni wanafunzi na P ni maprofesa.

Ukiutazama haraka, mlinganyo huo unavutia. Wanafunzi ni wengi, basi 6 imewekwa kwa wanafunzi. Maneno yanatangulia na herufi zinafuata mpangilio uleule. Lakini jaribu kuingiza namba. Tuseme maprofesa ni 10. Basi wanafunzi lazima wawe 60. Weka S = 60 kwenye 6S = P, unapata 360 = 10. Mlinganyo sahihi ni S = 6P, kwa sababu lazima uizidishe idadi iliyo ndogo ndipo ifikie ile kubwa.

Kosa hilo halitokani na uzembe. Aliyeandika 6S alikuwa anasoma "wanafunzi sita", yaani S kwake ilikuwa kifupi cha mwanafunzi, kama vile tunavyoandika kg kwa kilo. Mradi herufi ni lebo ya kitu, mlinganyo unageuka kuwa picha: huku wanafunzi sita, kule profesa mmoja. Herufi ikishakuwa namba, picha hiyo inafutika na swali linabadilika: nifanye nini kwa namba hii ili ilingane na ile?

Ndiyo maana mstari wa kwanza wa jibu lolote la fumbo unapaswa kuwa sentensi kamili: "x ni idadi ya kuku", wala si "x = kuku". Kama ni uzito, andika "x ni uzito kwa kilo". Kama ni umri, andika "c ni umri wa mtoto sasa, kwa miaka". Hilo neno "sasa" linaokoa maswali mengi, kama tutakavyoona. Wanafunzi huiruka hatua hii wakidhani ni mapambo ya kumfurahisha msahihishaji. Kwangu mimi ndiyo nusu ya kazi.

Jambo la pili linaonekana vizuri kwenye mafumbo ya michanganyiko, ambayo wengi huyachukia. Una myeyusho wa tindikali wa aina mbili. Katika wa kwanza, tindikali ni asilimia 20 ya uzito. Katika wa pili ni asilimia 50. Unataka kilo 30 za mchanganyiko ambao tindikali yake ni asilimia 30. Uchukue kilo ngapi za kila mmoja?

Acha x iwe kilo za ule hafifu, na y kilo za ule mkali. Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, jiulize: katika habari hii kuna vitu gani vinavyohesabika? Kuna viwili. Kuna uzito wa myeyusho wote, na kuna uzito wa tindikali iliyomo ndani yake. Kila kimoja kinastahili sentensi yake.

Uzito wa myeyusho: x + y = 30.

Uzito wa tindikali: katika x mna 0.2x, katika y mna 0.5y, na katika mchanganyiko mna asilimia 30 ya kilo 30, yaani kilo 9. Kwa hiyo 0.2x + 0.5y = 9.

Makosa mawili hujitokeza hapa mara kwa mara. Kuna anayeandika 0.2x + 0.5y = 30. Huyo upande wa kushoto amehesabu tindikali na upande wa kulia amehesabu myeyusho. Kuna mwingine anayeandika 0.2x + 0.5y = 0.3. Huyo amelinganisha kilo na asilimia. Wote wawili wangegundua kosa lao kama wangekaa sekunde chache na kujiuliza pande zote mbili zinahesabu nini. Upande wa kushoto ukiwa kilo za tindikali, wa kulia nao lazima uwe kilo za tindikali. Hakuna njia ya mkato ya kulikwepa swali hilo.

Sasa zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 0.2, unapata 0.2x + 0.2y = 6. Utoe kutoka ule wa pili: 0.3y = 3, basi y = 10 na x = 20. Litazame jibu hilo tena. Asilimia 30 iko karibu na 20 kuliko 50, kwa hiyo ilitarajiwa kwamba myeyusho hafifu utakuwa mwingi. Na umbali wenyewe, 10 upande mmoja na 20 upande wa pili, unaeleza kwa nini hafifu ni maradufu ya mkali. Ukiona hivyo kabla ya kukokotoa, jibu la ajabu halitakupita.

Mafumbo ya umri yana ugumu wa namna nyingine: wakati. Miaka 5 iliyopita umri wa mama ulikuwa mara nne ya umri wa mwanawe. Miaka 11 ijayo utakuwa mara mbili. Wana umri gani sasa?

Mtu anayekurupuka ataandika a = 4c, kisha a = 2c, halafu atashangaa kuona jibu ni sifuri. Herufi zake hazikufungwa kwenye wakati wowote. C ya mlinganyo wa kwanza ni umri wa miaka 5 iliyopita, na c ya mlinganyo wa pili ni umri wa miaka 11 ijayo. Namba mbili tofauti zimepewa jina moja. Chora jedwali dogo la safu tatu: miaka 5 iliyopita, sasa, miaka 11 ijayo. Kwenye safu ya katikati andika a kwa mama na c kwa mtoto. Safu ya kwanza itakuwa a − 5 na c − 5; safu ya tatu a + 11 na c + 11. Kumbuka kuwapunguzia na kuwaongezea wote wawili, maana miaka haimpiti mtu. Sasa sentensi za fumbo zinajiandika zenyewe:

a − 5 = 4(c − 5), yaani a = 4c − 15
a + 11 = 2(c + 11), yaani a = 2c + 11

Kwa kuwa a ni ileile, 4c − 15 = 2c + 11, basi c = 13 na a = 37. Rudi kwenye maneno: miaka 5 iliyopita walikuwa 32 na 8, miaka 11 ijayo watakuwa 48 na 24. Mabano hayo ya 4(c − 5) ndipo wengi wanapoanguka, wakiandika 4c − 5. Kilichozidishwa mara nne ni umri mzima wa wakati ule, si kipande chake.

Mafumbo ya boti na mkondo ni mepesi ukishajua kwamba mkondo unajumlishwa ukienda nao na unatolewa ukipambana nao. Boti inafuata mkondo kilomita 48 kwa saa 3, inarudi njia ileile kwa saa 4. Mwendokasi wa kwenda ni kilomita 16 kwa saa, wa kurudi 12. Basi b + m = 16 na b − m = 12; boti yenyewe ni 14, mkondo ni 2. Mafumbo ya tarakimu nayo yana siri moja tu. Namba yenye tarakimu mbili, t kwenye makumi na u kwenye mamoja, ni 10t + u, wala si t × u. Kama jumla ya tarakimu ni 11, na kuzigeuza kunaiongeza namba kwa 27, basi t + u = 11 na (10u + t) − (10t + u) = 27. Huo wa pili unafupika kuwa u − t = 3, na namba ni 47.

Nataka kukaa zaidi kwenye fumbo la mabomba, kwa sababu linafundisha kitu ambacho mengine hayafundishi: uchaguzi wa kitu gani kiitwe x.

Bomba la kwanza likifunguliwa kwa saa 3 na la pili kwa saa 4, tangi linajaa. La kwanza likifunguliwa kwa saa 6 na la pili kwa saa 2, tangi linajaa pia. Kila bomba likiwa peke yake lingejaza tangi kwa saa ngapi?

Swali limeulizia saa, kwa hiyo mkono unakimbilia kuandika x kwa saa za bomba la kwanza na y kwa saa za la pili. Ukifanya hivyo unapata 3/x + 4/y = 1. Si kosa, lakini umejitwisha herufi zilizo chini ya mstari wa sehemu, na mlinganyo wako si wa mstari mnyoofu tena. Njia ulizozizoea zinagoma. Badala yake uliza: kwa saa moja bomba la kwanza linajaza kiasi gani cha tangi? Kiasi hicho kiite p, na cha bomba la pili kiite q. Basi:

3p + 4q = 1
6p + 2q = 1

Pande zote zinahesabu matangi: tangi moja zima. Zidisha mlinganyo wa pili kwa 2, unakuwa 12p + 4q = 2. Toa wa kwanza: 9p = 1, basi p = 1/9. Kutoka hapo 4q = 1 − 3/9 = 2/3, na q = 1/6. Bomba la kwanza hujaza sehemu ya tisa ya tangi kwa saa, kwa hiyo lingetumia saa 9. La pili lingetumia saa 6.

Fumbo ni lilelile, majibu ni yaleyale, ila kazi imepungua kwa sababu hatukulazimishwa na swali kuchagua herufi. Kinachoulizwa mwishoni si lazima ndicho kiwe x. Kanuni inayofaa ni kuchagua vile vitu ambavyo vikizidishwa na kujumlishwa vinakupa sentensi za fumbo moja kwa moja. Kwenye kazi za pamoja, na mara nyingi kwenye safari, kitu hicho ni kasi, si muda.

Kuhusu kukokotoa sina mengi. Kama herufi moja tayari imesimama peke yake upande mmoja, kama a ya mama, iingize kwenye mlinganyo wa pili. Kama hakuna iliyosimama peke yake, fanya namba zinazotangulia herufi moja zilingane, kisha toa mlinganyo mmoja kutoka mwingine ili herufi hiyo iondoke. Njia zote mbili zinafika palepale. Inapendeza kujua kwamba ujanja wa kale wa fumbo la sungura ni kuondoa herufi bila kuandika herufi: gawa miguu 94 kwa mbili, unapata 47, toa vichwa 35, zinabaki 12, ambazo ni sungura. Kugawa kwa mbili kumegeuza 2x + 4y = 94 kuwa x + 2y = 47, na kutoa vichwa kumefuta x. Anayeuelewa ujanja huo amekwisha kuielewa aljebra yake.

Kuna wakati milinganyo miwili haitoshi hata kama ni miwili. Tuseme fumbo limesema vichwa ni 35 na macho ni 70. Ukiandika x + y = 35 na 2x + 2y = 70, wa pili ni ule wa kwanza uliozidishwa mara mbili. Ukitoa, unabaki na 0 = 0. Si kwamba umekosea. Fumbo limesema jambo moja mara mbili, na kuku wanaweza kuwa idadi yoyote hadi 35. Kama macho yangekuwa 72, ungepata 0 = 2, na maana yake ni kwamba habari zenyewe zinagongana, hakuna jibu. Kwenye grafu, hali ya kwanza ni mistari miwili iliyolaliana, na ya pili ni mistari sambamba isiyokutana. Na kama miguu ingekuwa 93? Milinganyo ingekupa sungura 11.5 bila kusita hata kidogo. Aljebra haijui kwamba sungura hagawanyiki. Hilo ni lako kulijua.

Kwa sababu hiyo uhakiki ufanywe kwenye maneno ya fumbo, si kwenye milinganyo yako. Kama ulitafsiri vibaya, jibu lako litaridhisha milinganyo mibaya kwa ukamilifu, na utaweka alama ya vema mahali pa kosa. Yule wa a = 4c na a = 2c akihakiki sifuri zake ataona kila kitu kiko sawa. Akirudi kwenye sentensi ya "miaka 5 iliyopita", ataona kwamba mama alikuwa hajazaliwa.

Herufi zikiongezeka, kanuni hazibadiliki. Sura ya nane ya Jiuzhang Suanshu, kitabu kingine cha China ya kale ambacho Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263, inaanza na fumbo la nafaka za daraja tatu, zilizopimwa kwa kipimo kiitwacho dou. Miganda 3 ya daraja la juu, 2 ya kati na 1 ya chini hutoa dou 39. Miganda 2, 3 na 1 hutoa 34. Mganda 1, kisha 2 na 3 hutoa 26. Vitu visivyojulikana ni vitatu, sentensi ni tatu, na kila moja inahesabu dou pande zote mbili:

3x + 2y + z = 39
2x + 3y + z = 34
x + 2y + 3z = 26

Toa wa pili kutoka wa kwanza: x − y = 5. Zidisha wa kwanza kwa 3 na utoe wa tatu: 8x + 4y = 91. Sasa z imeondoka na umebaki na fumbo la herufi mbili unalolijua. Ingiza x = y + 5, unapata 12y = 51, yaani y = 4.25; kisha x = 9.25 na z = 2.75. Wachina walifanya kazi hii kwa vijiti vilivyopangwa kwa safu ubaoni, na katika kutoa safu moja kutoka nyingine walikutana na namba hasi. Liu Hui anaeleza kwamba vijiti vyekundu vilitumika kwa chanya na vyeusi kwa hasi. Utaratibu huohuo leo unaitwa kwa jina la Mjerumani Carl Friedrich Gauss, aliyeishi karne nyingi baadaye.

Ukitaka kujipima, chukua hili. Waendesha baiskeli wawili wako umbali wa kilomita 60, na kila mmoja ana mwendokasi usiobadilika. Wakianza pamoja na kuelekeana, wanakutana baada ya saa 2. Wakianza pamoja na kwenda upande mmoja, yule mwenye kasi zaidi akiwa nyuma, anamfikia mwenzake baada ya saa 10. Kabla ya kugusa namba, andika herufi zako zinasimama badala ya nini na kwa kizio gani, kisha utafute ni kitu gani kinachohesabiwa katika kila safari. Ukipata kilomita 18 kwa saa na 12 kwa saa, milinganyo yako ilikuwa sahihi. Ukipata kitu kingine, usianze kukagua hesabu. Anza kusoma upya sentensi ya tatu ya fumbo.